Pindo la Meza ya Bwana

Ukimsifia Tusekile kwa mapindo ya vitambaa vyake, atakuambia alifundishwa na ukuta. Usicheke, hakutanii. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mianzi, ukuta wa jiko la mama mkwe wake kule Suma, na upande wa pili wa ukuta huo, barazani, juu ya kigoda, alikaa fundi ambaye Rungwe nzima haikuwa na mwenzake. Jina lake Mzee Ackson. Bahati mbaya, au bahati nzuri, tuiite vyovyote, fundi huyo alikuwa baba wa mumewe.

Na kwa Mnyakyusa aliyelelewa akaleleka, mkamwana hamtazami baba mkwe, hawasemezani, wala hawatajani majina. Akimsikia anakohoa njiani, huyo anaingia migombani mpaka apite. Akikatiza uani, mkamwana anavuta kanga mpaka puani na kugeukia ukutani. Si chuki wala si woga wa kupigwa. Ni heshima, na heshima ina ugumu wake. Vijana wa mtaa wa Bagamoyo pale mjini Tukuyu siku hizi wanakula meza moja na baba wakwe zao na kugombea nao firigisi, shauri yao. Nyumbani kwa Mzee Ackson mambo hayo hayakuwepo, japokuwa mzee alikuwa Mkristo wa kubatizwa na wimbo wa kufungulia ibada alikuwa akianzisha yeye.

Sasa mchukue mwanamke wa nyumba ya namna hiyo, umwambie akajifunze kudarizi kwa mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Kudarizi ni kazi ya kutazama mikono! Lakini Tusekile alikuwa na kiu, na mwenye kiu haulizi kikombe.

Kiu hiyo aliipatia kanisani. Juu ya meza ya Bwana kilitandikwa kitambaa cheupe ambacho Mzee Ackson alikidarizi zamani, kabla Tusekile hajafikiria kuolewa. Bibi harusi mgeni yule alikuwa akienda mbele kupokea Chakula cha Bwana, na badala ya kufikiria dhambi zake anafikiria pindo. Alikuwa mtu wa sindano tangu shuleni, anajua mshono wa msalaba, anajua wa mnyororo, foronya zake zilisifiwa mpaka Mpuguso. Mshono ule wa ukingoni hakuwahi kuuona popote. Alirudi kwenye benchi moyo unamdunda, na mama mkwe wake, Bibi Esnath, akadhani ni Roho.

Mwenyewe Mzee Ackson aliuita mshono huo chane. Ujanani alivunjika mguu, akalazwa hospitali ya misheni mpaka akaota ndevu za kufungia kamba, na nesi mmoja wa Kizungu akampa uzi na sindano ili aache kuwapigia kelele wagonjwa wenzake. Alitoka pale anachechemea, lakini mshono anao. Wanaume wenzake walimcheka, ati dume zima na sindano ya uzi. Akawaacha wacheke, maana harusi zilipofika walikuja kwake na mashuka kwapani, wamenywea.

Pindo la chane ni mawimbi madogo madogo yaliyopangana kama vidole vya ndizi. Katika kila wimbi uzi unaanza mfupi, unarefuka, unarefuka tena, kisha unashuka. Nyuzi zimebanana hata ukucha haupiti, na kila mmoja umefunga kifundo chake ukingoni. Kitambaa hakikunjwi. Ukimaliza kudarizi unachukua mkasi na kukata kila kilichobaki nje ya vifundo. Vikiwa vimeshika, pindo linakuzika wewe na wajukuu zako. Visiposhika, kitambaa kinachomoka, kazi yote inabaki manyoya mkononi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Tukuyu, ambayo watoto walikuwa wameyazoea yakiwa na rafu tupu, yalijaa ghafla: sabuni za kunukia, redio, mapazia ya maua, na lesi za Dubai zinazouzwa kwa mita kama kamba. Ushirika wa Suma, yaani kanisa lao, nao ulikuwa unajiandaa kwa Jubilii. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimechoka, kwa hiyo Mzee Ackson aliombwa adarizi kipya, kirefu, kinachoning'inia mbele ya meza mahali ambapo kanisa zima linakiona. Alianza kwa furaha. Alipofika katikati, macho yakamgomea. Yalijaa ukungu, na ukungu wa macho si kama wa Mlima Rungwe kwamba ikifika saa nne unapanda. Mtaalamu wa macho aliyepita wilayani alisema ni mtoto wa jicho, asubiri apelekwe Mbeya. Jubilii haikusubiri.

Hapo ndipo Mzee Jotham, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alipoanza kuleta habari za lesi. Mzee Jotham hakuwa mtu mbaya. Alipenda vitu vipya tu, na suruali yake ya mtumba ilikuwa na mifuko mpaka magotini. "Ya Dubai haipigwi hata pasi," alisema barazani. "Tunashona kwa cherehani, asubuhi moja kwisha. Wewe mzee wetu upumzike."

Mgeni alipoondoka, Tusekile, aliyekuwa jikoni anamenya ndizi, alisikia kigoda kikilia, mzee anageuka. Kisha akamsikia mzee anamwambia mkewe, "Nikifa, chane imekufa. Na hiyo plastiki italala mezani pa Bwana."

Maneno yale yalimchoma Tusekile. Aliosha mikono, akamvuta Bibi Esnath pembeni. "Mama, mwambie Baba anifundishe."

"Wewe! Utamtazamaje?"

"Sitamtazama. Aseme tu, mimi nitasikia."

Bibi Esnath aliguna, akaenda. Alirudi na jibu hili: mzee amekubali, lakini kitambaa cha kanisa hakitoki mikononi mwake mpaka mke wa Simon mwanawe, ndivyo alivyomwita mkamwana, alete kipande cha kujaribia ambacho mkasi umepita na hakijachomoka hata uzi mmoja. Tusekile akapiga kigelegele kidogo, akakizima kwa kiganja.

Masomo yakaanza. Laiti ungekuwepo. Mzee barazani ameupa ukuta ubavu, mikono yake inashona hewani, Tusekile jikoni ameupa ukuta mgongo, mwanzi mmoja tu katikati yao, na Bibi Esnath mlangoni kama karani wa mahakama.

"Mama Simon," mzee anasema, "mwambie aanzie kulia, aende kushoto."

"Anasema uanzie kulia uende kushoto."

"Nimesikia, Mama."

"Amesikia."

"Nami nimemsikia kwamba amesikia! Mwambie uzi aulaze mbele ya sindano, sindano ipite juu yake."

"Anasema uulaze uzi vizuri, usiuchafue."

"Sijasema usiuchafue!"

"Jiko lina moshi, mzee. Hilo nimeongeza mimi."

Ukuta wa mianzi una matundu, kila mtu anajua. Tusekile angegeuza shingo kidogo tu angeiona mikono ya fundi, na nani angemjua? Hakugeuka. Mwanamke mwingine angechungulia siku ya kwanza, tena bila aibu. Yeye alikaa na mgongo wake, masikio yakamwota mwili mzima, na kila neno la mzee alilipeleka kwenye vidole.

Vidole vikakataa. Kipande cha kwanza, mkasi ulipopita, kilichomoka chote. Cha pili vivyo hivyo. Kwa mbele vilipendeza, mawimbi sawa, nyuzi zimebanana. Lakini akivuta kukaza, kifundo kinalegea. Mkono wake ulijikuta unavuka juu ya uzi wake wenyewe, kama mtu anayejaribu kufunga kamba ya kiatu cha mwenzake.

"Mwambie hakazi," mzee alisema. Vipande vilikuwa vinapelekwa kwake, anavipapasa. "Akipitisha sindano, avute kuelekea kiwiko cha mkono wa sindano. Kiwiko! Mbona rahisi?"

Tusekile alivuta kuelekea kiwiko mpaka uzi ukamkata ngozi. Alijaribia kwenye magunia ya unga, kwenye shuka kuukuu, kwenye pindo la sketi ya shule ya mwanae Asifiwe, ambaye alikwenda shuleni amechomoka nyuzi kama kuku aliyepigana. Simon, mumewe, akirudi kutoka kiwanda cha chai, anamkuta ameinamia kitambaa machozi yanamlenga. "Achana nayo, mama," alimwambia. "Baba mwenyewe alijaribu kunifundisha nikiwa mdogo, nikamkimbia."

"Wewe ulikimbia. Mimi siendi popote."

Lakini siku zilikwenda. Mzee alianza kununa, akidhani mkamwana hamsikilizi. Tusekile alianza kujiona mjinga wa kuzaliwa. Na Mzee Jotham akaja tena, safari hii na lesi yenyewe imeviringishwa kwenye gazeti, inang'aa, ngumu kama waya. Aliiweka barazani. Jubilii ilikuwa imebaki wiki chache tu.

Mzee Ackson aliipapasa lesi ile. Hakuitukana, na hilo ndilo lililomtisha Tusekile kuliko matusi. "Mama Simon," alisema taratibu, "chukua kitambaa changu. Mpe mke wa Simon akifungie sandukuni. Tumeshindwa."

Bibi Esnath aliingia jikoni nacho kimekunjwa mikononi, akampa, akatoka haraka ili asionekane analia. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo ya kushindwa ndipo Tusekile alipokishika kitambaa kile kwa mara ya kwanza. Alinawa tena mikono ingawa ilikuwa safi. Akakikunjua magotini. Lo! Mawimbi yale! Yalitoka kwenye kona ya kulia yakaja moja baada ya jingine, hayakupishana hata kwa unywele, mpaka katikati, na pale katikati sindano ilikuwa imechomekwa bado na uzi wake, katikati ya mshono, kama mzee alivyoiacha macho yalipomkatalia.

Tusekile alitaka kuichomoa akifungie kitambaa. Akaishika kwa mkono wa kulia. Haikushikika. Ncha yake ililala upande usiofaa, kichwa chake kilielekea mahali ambapo mkono wa kulia haufiki mpaka uvunje kifundo. Akaachia. Akaitazama. Kisha akaishika kwa mkono wa kushoto, na sindano ikakaa vidoleni kana kwamba imezaliwa hapo.

Akabaki mdomo wazi.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo! Baba anakula kwa mkono gani?"

Bibi Esnath alichungulia mlangoni, kamasi bado puani. "Kushoto. Kwani vipi?"

"Na jembe?"

"Kushoto. Na fimbo kushoto, na chaki shuleni kushoto, alichapwa mpaka mwalimu akachoka. Suma nzima inajua mume wangu ana mashoto, mwanangu, hata mbuzi..." Akamtazama mkamwana wake, aliyeishi uani mwake miaka yote ile, aliyempikia mzee yule chakula cha kila siku, na asiyewahi kumwona hata akishika kikombe. "Ee Kyala, Mungu wangu!" akasema, akakaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi, akacheka mpaka mabega yakamtetemeka. "Hujui! Utajuaje wewe? Nani angekuambia?"

Hakuna ambaye angemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni habari. Simon angemwambiaje mkewe kwamba baba yake ana mashoto? Ni sawa na kumwambia baba yangu ana pua. Na mzee mwenyewe, alipokuwa akisema kulia na kushoto na kiwiko, alikuwa anafundisha mkono wake. Kwake yeye kuvuta kuelekea kiwiko ni kuvuta kule uzi unakokwenda, kifundo kinakaza. Kwa Tusekile ilikuwa kuurudisha uzi ulikotoka, kifundo kinafunguka. Maskini, alikuwa amefuata kila neno. Angekosa uvumilivu kidogo tu, angeshatupa sindano chooni.

Hakungoja ruhusa. Alichukua kipande cha shuka, akaanzia kushoto kwenda kulia, uzi mbele ya sindano, akavuta kuelekea kiwiko chake. Kifundo kikauma kitambaa, tii. Akafanya kingine. Akafanya mawimbi matatu, akachukua mkasi, akakata nje yake, akavuta kitambaa kwa nguvu zake zote za kubeba ndizi. Hakikuchomoka hata uzi.

Kipande kikapelekwa barazani, na habari ya mkono wa kushoto pamoja nacho. Mzee alikipapasa mbele, akakipapasa nyuma, akakitia menoni akavuta. Kikasikika kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu macho yaanze kumgomea. "Mama Simon! Kumbe nilikuwa namkata mtoto wa watu mikono yote miwili! Mwambie... mwambie anisamehe."

"Anasema..."

"Nimesikia, Mama," alisema Tusekile, akiwa analia na kucheka. "Mwambie hana kosa. Mwambie nitaanzia kona ile nyingine, nije nikutane naye."

Na ndivyo kazi ilivyokwenda. Mzee alikuwa ametoka kulia, Tusekile akatoka kushoto. Alidarizi chini ya upenu nyuma ya jiko, mvua ikitulia anatoka, ikianza anarudi, kitambaa amekifunika kwa kanga safi. Ndizi zilimenywa na Asifiwe. Chai iliyokuwa ivunwe shambani mwao ilivunwa na Bibi Esnath, aliyewatangazia wavunaji wote kwamba nyumbani kwake kuna mafundi wawili na mkalimani mmoja. Kila jioni kitambaa kilipelekwa barazani, na mzee alitembeza vidole juu ya mawimbi mapya bila kusema neno. Fundi anaponyamaza hivyo, mjue ameridhika.

Lilipobaki wimbi moja, Tusekile aliweka sindano chini. Alikipeleka kitambaa mpaka mlangoni, akampa mama mkwe. Mzee alielewa bila kuambiwa. Alishika sindano ile aliyoiacha, na kwa vidole vitupu, bila macho, akapanda nusu ya wimbi: mfupi, mrefu, mrefu zaidi, mpaka kileleni. Nyuzi zake hazikulala sawa kama za zamani, moja iliruka kidogo. Kitambaa kikarudi jikoni. Tusekile alimalizia nusu iliyobaki akitoka upande wake, akafunga kifundo cha mwisho kwenye kifundo cha mzee, akakata. Ule uzi ulioruka hakuugusa. Aliuona mzuri kuliko nyingine zote, na aliyemwuliza baadaye mbona hukuunyoosha, alimjibu kwa kumkazia macho tu.

Siku ya Jubilii kanisa lilifurika mpaka watu wakakaa kwenye nyasi. Wageni walitoka Tukuyu na Mbeya, kwaya tatu zilishindana, askofu alikuja. Lesi ya Dubai ilikuwa imepelekwa nyumbani kwa Mzee Jotham, ambako mkewe aliitundika dirishani na kufurahi nayo. Mezani pa Bwana kilitandikwa kitambaa cheupe, na mawimbi yake yalining'inia mbele, yametulia, hata watoto waliacha kusukumana kwa muda.

Tusekile alikaa upande wa wanawake, benchi la nyuma, kanga puani, macho kwenye sakafu, kwa sababu Mzee Ackson alikuwa ameketishwa mbele kama mgeni wa heshima. Alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni. Kitambaa kipo. Chane haikufa. Hakuhitaji kingine.

Mzee Jotham, ambaye akikosea hukiri mbele za watu, na hilo tumpe, alisimama na kusema kwa sauti: "Ndugu zangu, mimi nilikuwa wa kwanza kusema tununue. Leo naona haya. Tazameni pindo lile! Mzee wetu Ackson, macho yameondoka lakini mkono haukuondoka. Mungu aubariki mkono wako!"

Watu wakapiga makofi, vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Mzee Ackson aliinuka na fimbo yake. Badala ya kushukuru na kukaa, alichechemea mpaka mezani. Akainama, akashika pindo kwenye kona ya kulia, akaanza kulitembeza vidoleni, wimbi baada ya wimbi. Makofi yakafa. Alipofika katikati akasimama, kidole kimetua kwenye uzi ule ulioruka.

"Mpaka hapa ni mimi," alisema. "Kuanzia hapa kwenda kule si mkono wangu. Na kule kumekaza kuliko kwangu."

"Ni mkono wa nani basi, mzee?" askofu aliuliza.

Bibi Esnath akasimama upesi benchini, tayari kumsemea, maana habari za mkamwana mzee huzisema kwa kinywa cha mkewe. Mzee alisikia viatu vyake, akamnyooshea kiganja akae. Akageuza uso kuelekea upande wa wanawake, macho yake meupe hayaoni kitu.

"Ni wa Tusekile," alisema. "Tusekile ndiye fundi."

Tangu aolewe, Tusekile hakuwahi kulisikia jina lake kutoka kinywani mwa mtu yule, wala hakutegemea kulisikia mpaka mmoja wao azikwe. Hakuinua macho. Aliinamisha kichwa mpaka magotini, akaling'ata pindo la kanga yake, na akalia kwa sauti mbele ya askofu na wageni wote, na hakuna mama hata mmoja katika benchi lile aliyemwambia nyamaza.